Upasuaji wa Urembo na Siku Zinazofichwa

Upasuaji wa urembo ni ule unaofanywa juu ya kiungo kisichougua, kwa nia ya kulibadili umbo lake lipendeze zaidi machoni mwa mwenye mwili, na hapo ndipo unapotofautiana na upasuaji rekebishi, ambao humrudishia mtu umbo au kazi ya kiungo kilichoharibiwa na moto, ajali, saratani au kasoro ya kuzaliwa. Mbinu za aina hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, na Afrika Mashariki ina kumbukumbu njema ya undugu huo, kwa kuwa Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa Amref, wote watatu walikuwa mabingwa wa fani hii. Kinachozitenga aina hizo ni hali ya mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Aliyeungua moto huingia wodini na ukoo mzima nyuma yake, mmoja akileta uji, mwingine akikesha naye, ilhali anayekwenda kukazwa tumbo au kufyonzwa mafuta huaga nyumbani kwamba anasafiri kikazi, akarudi baada ya siku chache akiwa amevaa dera pana juu ya majeraha ambayo hakuna mwenzake anayeyajua. Hoja ya safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya madhara yanayoepukika hutokana na usiri huo ukichanganyika na haraka, na kwamba maandalizi ya kweli yanapaswa kupangwa kuanzia mwisho kuja mwanzo: kwanza ijulikane mgonjwa atauguzwa wapi, na nani na kwa muda gani, ndipo itafutwe tarehe ya kupasuliwa.

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima kwanza kufahamu jinsi jeraha linavyopona. Mara baada ya kukatwa, mwili huanza hatua ya uvimbe, ambapo damu huganda, mishipa hupitisha maji na chembe za kinga hukusanyika kusafisha eneo. Kisha, kuanzia takribani siku ya tatu au ya nne, huja hatua ya ujenzi, ambapo nyuzi za protini iitwayo kolajeni hufumwa kwa haraka na bila mpangilio kuziba pengo. Na mwishoni hufuata hatua ndefu ya ukarabati, inayoweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, ambapo nyuzi hizo hupangwa upya na kovu hulainika. Nguvu ya jeraha haiendi sambamba na sura yake. Baada ya wiki moja mshono unaweza kuonekana mkavu na safi ilhali ngozi ile ina sehemu ndogo mno ya uimara wake wa awali, baada ya wiki tatu haijavuka sana robo, na hata baada ya miezi mitatu hufikia kama asilimia 80 tu, kiwango ambacho kwa kawaida hakipitwi tena maishani. Kwa hiyo kauli inayosikika mara nyingi, kwamba mtu amepona kwa sababu uzi umetolewa, ni kosa la kuupima ujenzi kwa rangi ya ukuta.

Upasuaji wa kukaza tumbo unaonyesha vizuri kwa nini wiki za kabla ya siku yenyewe zina uzito mkubwa. Daktari huinua ngozi na mafuta ya tumbo kutoka juu ya misuli, kuanzia kinenani hadi karibu na mbavu, na kwa kufanya hivyo hukata mishipa midogo ya damu iliyokuwa ikipanda kupitia misuli hiyo kuilisha ngozi, kiasi kwamba ngozi iliyoshonwa upya chini ya kitovu, ikiwa imevutwa kwa nguvu, hubaki ikitegemea damu inayotoka mbali ubavuni. Nikotini huibana mishipa hiyo iliyobaki, na moshi wa tumbaku huleta hewa ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu, hivyo mvutaji anaweza kuona sehemu ya ngozi ya tumbo ikigeuka nyeusi na kufa, ikaacha kidonda cha miezi. Wataalamu hutaka tumbaku iachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada ya upasuaji, na agizo hilo linahusu shisha, ugoro na tumbaku ya kutafuna sawasawa na sigara, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi na wengi zaidi hawalitaji kwa kuwa hawajihesabu kuwa wavutaji. Mgonjwa anayemficha daktari shisha ya Ijumaa usiku anaweza kulipia siri hiyo kwa ngozi ya tumbo lake.

Uchunguzi wa awali nao lazima uendane na watu wa eneo hili. Upungufu wa damu ni wa kawaida miongoni mwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, nao unaweza kurekebishwa kwa madini ya chuma iwapo utagunduliwa mapema, wakati ugunduzi wa asubuhi ya upasuaji huzaa ama kuahirisha ama, vibaya zaidi, kuendelea hivyo hivyo. Ugonjwa wa selimundu, unaozifanya chembe nyekundu za damu kupinda kama mundu pale mwili unapokosa maji, joto au oksijeni, unapaswa kupimwa kwa kila ambaye hali yake haijulikani, maana chumba cha upasuaji kinaweza kuzileta hali zote tatu kwa pamoja. Kovu la keloidi, yaani kovu linalokua na kuvuka mipaka ya jeraha lililolizaa, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na huelekea kurithiwa, hivyo anayetaka kuongezwa au kupunguzwa matiti aangalie kwanza ndewe za masikio alizotoga, makovu ya chanjo begani na makovu ya ndugu zake wa damu, kisha ayaseme hayo yote bila kuulizwa. Kwa aliyezaa karibuni, au anayepanga kuzaa tena, jibu la busara ni kusubiri, kwa kuwa mimba itakuja kulivuta upya tumbo lililokazwa, na titi linalonyonyesha halijafikia umbo lake la kudumu. Vilevile kufyonza mafuta hakupunguzi unene kwa maana ya kitabibu: ni njia ya kuchonga umbo la mtu ambaye uzito wake umetulia kwa miezi kadhaa, na mwenye kisukari au shinikizo la damu habadilishiwi ugonjwa wake kwa kuondolewa lita chache za mafuta yaliyo chini ya ngozi.

Dawa ni eneo jingine ambamo usiri hudhuru. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uwezo wa damu kuganda, na ndivyo zinavyoshukiwa kufanya tembe za kitunguu saumu na baadhi ya dawa za mitishamba ambazo mgonjwa huziona kuwa chakula tu. Sindano za kupunguza uzito za kundi la semaglutidi, maarufu kwa jina la Ozempic, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa tahadhari kuwa aliyefunga kwa saa za kawaida anaweza bado kuwa na chakula tumboni anapolazwa mezani. Hatari yenyewe ni hii: dawa ya usingizi hulegeza kizuizi kati ya tumbo na koo, kilichomo tumboni kikapanda na kuingia mapafuni, na tindikali yake ikayaunguza. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile kwa saa 6 na asinywe hata maji kwa saa 2 za mwisho, na ndiyo maana yafaa isemwe waziwazi kwamba chai ya maziwa na uji mwepesi vinahesabiwa kuwa chakula, kwa sababu maziwa huganda tumboni na uji ni wanga. Anayejibu kuwa hakula chochote isipokuwa kikombe cha chai asubuhi hadanganyi, hakufahamishwa.

Yapo pia mazoea mawili yanayofanywa kwa nia njema na kuleta madhara. La kwanza ni kujinyoa kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, ambako huacha michubuko isiyoonekana ambamo bakteria huota. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza nywele ziachwe au, ikilazimu, zipunguzwe kwa mashine. La pili ni imani kwamba usalama wa jeraha unatokana na kumeza antibiotiki kwa wingi na kwa siku nyingi. Kinga ya kweli ni dozi inayotolewa kabla ya kisu kugusa ngozi ili dawa iwe tayari imeenea mwilini, na mwongozo huohuo unapinga kuirefusha baada ya upasuaji kwa lengo la kujikinga tu, kwa kuwa hilo huzalisha vimelea sugu bila kupunguza maambukizi. Begi lililojaa vidonge si ushahidi wa uangalizi mzuri.

Upasuaji unaostahili kutajwa peke yake ni ule wa kufyonza mafuta kiunoni na kuyahamishia makalioni, ambao vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaujua vizuri kupitia simu zao. Mwaka 2017 jopo la wapasuaji lililokusanya taarifa kutoka nchi mbalimbali lilikadiria kuwa unaua mtu 1 kati ya takribani 3,000, kiwango kisichokuwa na mfano katika upasuaji mwingine wa urembo, na mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wauache kabisa. Sababu ilikuja kueleweka kwa uchunguzi wa maiti. Ndani na chini ya misuli ya makalio hupita mishipa minene ya vena. Mrija wa sindano ukiitoboa, mafuta huingia kwenye damu, yakasafirishwa hadi moyoni na kuziba njia ya mapafu, na mgonjwa akafa pengine angali mezani. Tangu hapo kanuni imekuwa kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi, na jimbo la Florida lilipiga marufuku kisheria sindano ya ndani ya msuli mwaka 2019, kisha mwaka 2022 likataka mrija ufuatwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na daktari mmoja asifanye zaidi ya watatu kwa siku. Chama cha Uingereza nacho kililegeza katazo lake mwaka 2022 kwa masharti ya namna hiyo. Mgonjwa mwenye maarifa haya anaweza kumuuliza mpasuaji swali moja rahisi, kwamba mafuta yatawekwa tabaka gani na atajuaje mrija uko wapi, na jibu la kusitasita litoshe kumwondoa kitini.

Si kila hatari huisha mtu anapotolewa mezani. Katika kufyonza mafuta hutumika maji mengi yenye dawa ya ganzi iitwayo lignokaini, na kiasi cha dawa hiyo ndani ya damu hufikia kilele saa nyingi baadaye, mara nyingi kati ya saa 10 na 14, yaani wakati ambapo aliyeruhusiwa jioni amelala chumbani kwake peke yake. Damu kuganda katika vena za miguu, na bonge lake kusafiri hadi mapafuni, huweza kutokea siku au wiki baada ya upasuaji, na kukaza tumbo kunaongoza kwa hatari hiyo miongoni mwa upasuaji wa urembo, hasa kukichanganywa na upasuaji mwingine siku hiyohiyo ili kuokoa gharama, au mgonjwa akiwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mwishoni mwa Oktoba 2024 kifo cha mwanamke mmoja jijini Nairobi, siku chache baada ya kufyonzwa mafuta, kiliamsha mjadala mkali nchini Kenya na kuifanya mamlaka kuifunga kliniki husika. Mjadala huo ulikaa zaidi kwenye leseni, na leseni ni muhimu kweli, lakini haukugusa vya kutosha zile siku chache zilizo kati ya meza na kaburi.

Wanaosafiri nje huongeza kiti cha ndege juu ya hatari hizo. Ushauri wa kawaida ni kutopanda ndege kwa siku 5 hadi 7 baada ya upasuaji wa matiti au kufyonzwa mafuta, na siku 7 hadi 10 baada ya kukazwa tumbo au uso, huku vifurushi vingi vinavyouzwa kwa wasafiri vikiwa vya siku chache kuliko hizo. Wamarekani waliokimbilia bei nafuu ya Jamhuri ya Dominika wametoa somo linalolingana na la wanaotoka kwetu kwenda Uturuki na India: kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilihesabu vifo 93 vya raia wake baada ya upasuaji wa urembo nchini humo kati ya 2009 na 2022, na vile vilivyochunguzwa kwa kina vilionyesha kuwa mabonge ya mafuta na ya damu ndiyo yaliyoongoza. Wengine walirudi na bakteria wa jamii ya mbali ya kifua kikuu, ambao huchukua wiki au miezi kujitokeza kama vijipu visivyosikia antibiotiki za kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo hufika hospitali ya mkoa bila karatasi yoyote, na kwa aibu husema ni jipu tu, hivyo hutibiwa jipu. Kwamba huduma hizi sasa zinapatikana nchini, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, ni faida hasa kwa sababu aliyepasua na aliyepasuliwa hubaki katika mji mmoja.

Nyumbani ndiko mambo yanakoharibika kimyakimya. Karatasi ya hospitali husema usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, na msomaji wake hufikiria gunia, ilhali ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kilo 10, na vyote viwili vinatosha kukata nyuzi zilizoshikilia misuli ya tumbo. Aliyekazwa tumbo hutembea ameinama kwa siku kadhaa za mwanzo, hulala magoti yakiwa yameinuliwa kwa mito, na choo cha kuchuchumaa humtesa. Mambo hayo yapaswa kutafutiwa dawa kabla, kwa kiti cha chooni cha kuazima na msaidizi wa kuteka maji, siyo kugunduliwa usiku wa kwanza. Mirija ya kutoa maji ya jeraha huhitaji mtu wa kuyapima na kuandika kila siku, maana hutolewa pale kiasi kinapopungua, mara nyingi chini ya mililita 30 kwa saa 24, na ikitolewa mapema maji hukusanyika chini ya ngozi na kutengeneza uvimbe unaohitaji kufyonzwa upya. Vazi la kubana hufanya kazi kwa mgandamizo ulio sawa pande zote, kwa hiyo kanga iliyokazwa kwa fundo haiwezi kuwa badala yake: fundo hubana sehemu moja na kuinyima damu ngozi ambayo tayari ina damu ya kuazima. La hatari kuliko yote, ingawa linatokana na upendo wa mama na shangazi, ni kukandwa kwa maji ya moto kama mzazi. Ngozi iliyoinuliwa na kushonwa imekatiwa mishipa ya fahamu na huwa na ganzi kwa miezi, hivyo haimwonyi mwenyewe kwamba inaungua, na malengelenge huonekana kesho yake juu ya tumbo ambalo halikuhisi chochote.

Kutohisi huko kunavunja pia imani kwamba maumivu ndiyo kipimo cha hatari. Na kuna kipimo kingine kinachowapotosha watu wa eneo hili kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: vijitabu vingi humwambia mgonjwa atazame wekundu kuzunguka jeraha, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na badala yake ngozi huwa ya zambarau, ya kijivu au nyeusi zaidi ya jirani yake. Mkono hutoa habari bora kuliko jicho, kwa kugusa upande mmoja na mwingine na kulinganisha joto na ugumu. Dalili ambazo hazisubiri asubuhi ni kukosa pumzi, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, mguu mmoja kuvimba na kuuma kigimbini, titi au upande mmoja kujaa ghafla, usaha wenye harufu, na homa inayopanda baada ya siku za mwanzo. Asiyejua kwamba mwenzake amepasuliwa atampa aliyekosa pumzi maji ya kunywa na kumwambia apumzike.

Yako pia maumivu ya moyoni. Uvimbe hukua katika siku tatu za mwanzo kabla ya kupungua, mwili hubadilika rangi, na wengi hukumbwa na huzuni na majuto ambayo kwa kawaida huondoka ndani ya wiki chache. Umbo la kweli huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, hivyo hukumu inayotolewa mbele ya kioo siku ya kumi ni batili. Tofauti na hao ni mtu mwenye ugonjwa wa kuona kasoro mwilini, hali ya akili inayomfanya ateseke kwa dosari ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno. Huyo kisu hakimponyi, kwani dosari huhamia mahali pengine, na daktari mwaminifu humpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Dawa ya haya yote haihitaji fedha nyingi. Ufaransa imeweka kisheria tangu 2005 siku 15 kati ya mgonjwa kupewa gharama kwa maandishi na kupasuliwa, na nchini Uingereza baraza la madaktari limetaka tangu 2016 kwamba anayepokea ridhaa ya mgonjwa awe mpasuaji mwenyewe, siyo muuzaji wa kliniki. Baraza la Madaktari Tanganyika na mwenzake wa Kenya yangeweza kuyaweka masharti hayo mawili kwa kanuni moja, pamoja na la tatu lenye kutufaa zaidi: kwamba kila anayeruhusiwa kutoka apewe barua ya Kiswahili inayotaja alichofanyiwa, dawa alizopewa, dalili za hatari na namba inayopokelewa usiku. Kwa upande wake, mgonjwa ahakikishe kwenye daftari la baraza kwamba mpasuaji amesajiliwa kama bingwa wa fani hiyo hasa, aulize ni nani atakayetoa dawa ya usingizi, na atenge akiba ya upasuaji wa pili, kwa kuwa bima nyingi hazilipi urembo na baadhi hukataa hata madhara yake. Kama akiba hiyo haipo, fedha za upasuaji wa kwanza hazijatimia.

Na aibu isichukue nafasi ya muuguzi. Hakuna anayelazimika kuutangazia mtaa mambo ya mwili wake, lakini anayejiandaa kupasuliwa na amchague mtu mmoja anayelala naye nyumba moja, amweleze alichofanyiwa na lini, amwonyeshe barua ya hospitali ilipo, na amwachie namba ya daktari kabla hajazima taa usiku wa kwanza.